Mkiandika kuhusu Tata, anzeni na chumvi

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila kuwaandikia ndo mara ya kwanza, na nimeandika kwa sababu kila mkiitaja Tata ya India mnaitaja kwa mambo mawili tu, ama magari ama bei ya hisa, na juzi kuna msomaji mwenzangu kwenye ukurasa huu huu akasema Tata ni kampuni ya malori iliyobahatika kupata hela nyingi. Simlaumu, hata mi kabla sijafika India nlikuwa najua hivo hivo. Lakini nimeishi kule miaka minne, mitatu Pune nikisoma na mmoja Mumbai nikitafsiri kwa wagonjwa na ndugu zao, na nawaambia ukweli ukianza na malori hutaielewa ile kampuni hata kidogo. Anza na chumvi.

Mama mwenye nyumba wangu pale Pune nlikuwa namwita Aai, ndo mama kwa Kimarathi, ni mtu wa umri wa bibi yangu, na jikoni kwake kulikuwa na kopo la stili la chumvi ambalo haikuwahi kuingia chumvi nyingine zaidi ya Tata. Siku moja duka la chini lilikuwa limefungwa nikamletea pakiti ya kampuni nyingine, akaipokea vizuri tu, akanishukuru, afu akaiweka kule kwenye sinki pamoja na sabuni ya vyombo. Nikamuuliza, Aai, kwani chumvi si chumvi tu? Akanielezea kwamba alivyokuwa mdogo kijijini kwao chumvi ilikuwa inakuja mawe mawe na mchanga ndani yake, unaiosha kwanza ndo unaitwanga, na wanawake kadhaa aliowajua walikuwa na rovu shingoni kwa sababu ile chumvi haikuwa na madini joto. Mwaka 1983 Tata wakaleta chumvi safi ya pakiti yenye madini joto, na kwa Aai ile pakiti ilikuwa ni jambo kubwa kuliko lori lolote lililowahi kutoka kiwandani kwao.

Sasa juu ya pakiti pameandikwa Desh ka Namak, yaani chumvi ya nchi, na hapa ndo naomba msomaji atulie kidogo. Sisi tukisema fulani amekula chumvi nyingi tunamaanisha ameishi miaka mingi, ameona mengi. Wahindi wakisema umekula chumvi ya mtu wanamaanisha una deni kwake, alikulisha kwa hiyo huwezi kumgeuka, na anayemgeuka aliyemlisha anaitwa namak haram, tusi zito mno lile, niliona watu wawili wakaribie kupigana sokoni kwa sababu yake. Kwa hiyo kampuni ikijiita chumvi ya nchi haijisifii weupe wa chumvi yake, inagusa mambo ya ndani kabisa, nani kamlisha nani na nani anadaiwa na nani, na hilo swali mi nimetembea nalo miaka yote minne mpaka leo naandika hii barua.

Historia yenyewe ya chumvi kule si ndogo. Mwaka 1930 Gandhi alitembea kwa miguu kutoka Ahmedabad mpaka pwani ya Dandi akaokota chumvi kwa mkono wake, kuivunja sheria ya Waingereza ambao walikuwa wanatoza kodi hadi chumvi ya maskini. Dandi iko wilaya ya Navsari, jimbo la Gujarat. Na Navsari ndo alikozaliwa Jamsetji Nusserwanji Tata mwaka 1839, huyo aliyeanzisha haya yote, mtoto wa ukoo wa makuhani wa Kiparsi, ile jamii ya India yenye asili ya Uajemi. Nilipoyaona hayo majina mawili yamekaa karibu karibu kwenye ramani nilikaa nayaangalia muda mrefu. Chumvi ya Tata yenyewe inatoka Mithapur, juu zaidi kwenye pwani ya Gujarat hiyo hiyo, kwenye kiwanda cha kemikali kilichoanza mwaka 1939, na wala hawakuanza kwa nia ya kuuza chumvi ya mezani, kiwanda kilikuwa kinahitaji maji yasiyo na chumvi kwa ajili ya boila sehemu ambayo maji hayo ni shida, ikabidi wachemshe maji ya bahari, na kilichobaki baada ya mvuke kuondoka ni chumvi safi nyeupe kabisa.

Baada ya ile siku ya pakiti nikaanza kuangalia, na ukishaanza kuangalia huwezi kuacha. Chai ya asubuhi Tata. Saa ya mkononi ya mtoto wa Aai aliyopewa alipomaliza chuo ni Titan, ambayo ilianzishwa mwaka 1984 kwa ubia wa Tata na shirika la serikali ya jimbo la Tamil Nadu, bangili za harusi za mkwewe ni za Tanishq na hiyo ni tawi la Titan hiyo hiyo, kiyoyozi Voltas, dishi la televisheni Tata, sisi wanafunzi nguo zetu tulikuwa tunanunua Zudio kwa sababu ndo bei zetu na Zudio ni yao, mboga za kuletewa mlangoni kwa simu BigBasket ni yao tangu 2021, dawa za Aai za presha tuliagiza kwenye 1mg nayo ni yao mwaka huo huo, basi la chuo Tata, na kijana wa nyumba ya pili alivyoenda kuomba pasipoti, ambayo ni karatasi ya serikali kabisa, ofisi aliyopokelewa inaendeshwa kwa mkataba na kampuni yao ya kompyuta, TCS. Nikahamia Mumbai, bili ya umeme ya mwezi wa kwanza ikaja na jina lile lile juu. Na hapo sijataja vile ambavyo vilikuwa vyao wakaviuza, kama vipodozi vya Lakmé walivyovianzisha 1952 au sabuni ya Hamam, watu bado wanaviita vya Tata.

Mtu aliyezoea kuona makampuni makubwa anaweza kusema hiyo ni tamaa tu, kampuni imeingia kila mahali kunyonya watu. Mi nasema hapana, si rahisi hivo, na nitaeleza.

Jamsetji alianza kampuni yake ya biashara mwaka 1868 na mtaji wa rupia 21,000. Mwaka huo huo baba yake alikuwa kwenye kundi la wafanyabiashara waliopata zabuni ya kulisha jeshi la Waingereza lililoenda Abyssinia, ndo Ethiopia ya leo, kumpiga Mfalme Tewodros, kwa hiyo sehemu ya hela ya mwanzo ilitoka kwenye vita dhidi ya Waafrika na hilo lazima lisemwe, kwenye sherehe huwa halisemwi. Afu tarehe 1 Januari 1877 akafungua kiwanda cha nguo Nagpur, Empress Mills, na pale ndo aliweka mfuko wa pensheni kwa wafanyakazi mwaka 1886 na fidia ya ajali mwaka 1895, wakati ambao kwingine mfanyakazi akikatwa kidole na mashine anaambiwa aende nyumbani. Kwenye kiwanda cha chuma Jamshedpur saa 8 za kazi kwa siku zilianza 1912. Hayo yapo kwenye kumbukumbu na nayaheshimu sana.

Lakini kitu kilichonigusa kuliko vyote ni hospitali ya Parel. Mumbai kazi yangu ilikuwa kuwatafsiria wagonjwa, na mtaa wa Parel ndo ilipo Tata Memorial, hospitali ya saratani. Kule ukisikia mtu anasema kwa sauti ya chini kwamba baba yake yuko Tata huulizi ni idara gani wala kiwanda gani, unampa pole. Jina la kampuni limegeuka kuwa jina la ugonjwa. Nje ya hospitali, pembeni mwa barabara, kuna familia zinalala kwenye maturubai, wametoka Bihar, Uttar Pradesh, Bengal, siku mbili kwenye treni, wamebeba majalada ya plastiki yenye picha za eksirei, na wanasubiri zamu ya mionzi maana kodi ya chumba Mumbai hawaiwezi na nyumba za hisani hazitoshi wote. Nilikuwa napita pale kila asubuhi. Kuna mzee mmoja alikuwa ananisalimia kwa kuweka mikono kifuani, mkewe alikuwa ndani, tulikuwa hatuelewani lugha vizuri ila alikuwa ananionesha kwa vidole siku zilizobaki, kumi na mbili, kumi na moja, kumi.

Sasa sikilizeni hospitali ile imetokana na nini. Mtoto mkubwa wa Jamsetji, Dorabji, alikuwa na almasi inaitwa Jubilee, karati 245, kubwa mara mbili zaidi ya ile Koh-i-Noor ya taji la Uingereza, alimnunulia mkewe Meherbai. Mwaka 1924 kampuni ya chuma ikakwama kabisa, hela za mishahara hakuna, Dorabji akaenda benki akaweka rehani mali yake binafsi na ile almasi ya mkewe humo humo ili kampuni isife. Kampuni ikapona. Mwaka 1931 Meherbai akafa kwa saratani ya damu. Mwaka uliofuata Dorabji naye akafa, akiwa ameshaiweka mali yake kwenye wakfu, almasi ikauzwa, na kutoka kwenye hela za wakfu ule ikajengwa hospitali iliyofunguliwa mwaka 1941. Leo hospitali si ya kampuni tena, iko chini ya idara ya nguvu za atomiki ya serikali kuu tangu 1962, wengi hawajui, lakini jina halijatoka na halitatoka. Yule mzee wa Parel hajawahi kusikia habari ya almasi. Mi nlikuwa nikimwona namkumbuka yule mama aliyekufa 1931 na mumewe aliyeshindwa kumsaidia pamoja na utajiri wote ule.

Ndo maana naona mnakosea mnapoandika utajiri wa ukoo wa Tata kana kwamba ni wa mtu mmoja. Kampuni mama inaitwa Tata Sons na karibu asilimia 66 ya hisa zake ziko mikononi mwa mifuko ya wakfu, kwa hiyo faida inayogawiwa sehemu kubwa inaenda kwenye hospitali, shule, maji vijijini, utafiti. Ratan Tata aliyeongoza kuanzia 1991 mpaka 2012 hakuwahi kuwa kwenye zile orodha za mabilionea wakubwa za kila mwaka, kwa sababu hicho mnachokiita mali yake hakikuwa chake. Alipofariki tarehe 9 Oktoba 2024 nlikuwa Mumbai, mwili uliwekwa kwenye ukumbi wa sanaa wa NCPA watu wakapita kuaga, na niliowaona wakienda ni madereva wa bajaji, wauza chai, wasichana wa ofisini, mzee mmoja amevaa sare ya zamani ya kiwanda. Hakuna aliyewalazimisha. Nimewaza sana ni tajiri gani mwingine duniani dereva wa bajaji anaacha abiria kwenda kumuaga.

Ila heshima hiyo ndo inayonifanya niandike na haya yafuatayo, maana kama kuna deni la chumvi basi deni lina pande mbili na gazeti lenu halijawahi kuandika upande wa pili.

Jamshedpur nilienda mara moja, mwezi Machi, wanaposherehekea siku ya kuzaliwa mwanzilishi, bustani ya Jubilee inawaka taa mpaka unashindwa kuangalia. Mji mzuri, barabara pana, miti, maji ya bomba yanayoaminika, na inajulikana Jamsetji alimwandikia mwanae kabla mji haujakuwepo kwamba aache nafasi ya barabara pana, miti ya kivuli, viwanja vya mpira, mahekalu, misikiti na makanisa. Yeye alikufa 1904 hakuuona, chuma cha kwanza kilitoka mwaka 1912. Lakini mji huo kwa miaka mingi umekuwa hauna manispaa ya kuchaguliwa, maji na taka na barabara vinasimamiwa na kampuni, na rafiki niliyefikia kwao aliniambia sisi tunapiga kura ya mbunge tu, bomba likipasuka tunapigia simu kampuni, na kusema kweli wanakuja haraka. Baba yake akamkatiza akasema wanakuja haraka ukiwa upande huu wa mto. Na ardhi yote ile kabla ya kiwanda ilikuwa na watu, wenyeji wa asili, Wasanthal, Waho, Wabhumij, kijiji cha Sakchi kilikuwepo na jina lake.

Mwaka 2006 kule Kalinganagar, jimbo la Odisha, Waadivasi, yaani wenyeji wa asili, waliokuwa wanapinga kiwanda kipya cha chuma cha Tata kwenye ardhi yao walipigwa risasi na polisi tarehe 2 Januari, wakafa zaidi ya 10. Mwaka huo huo serikali ya West Bengal ikachukua karibu ekari 1,000 pale Singur kwa ajili ya kiwanda cha gari dogo la Nano, lile la rupia laki 1. Wazo la lile gari lilikuwa la huruma kabisa, Ratan Tata alisema aliona baba, mama na watoto wamebebana kwenye skuta moja kwenye mvua akataka wapate gari salama, na mi namwamini. Lakini wapo wakulima waliokataa hundi, wakakaa barabarani, mwanasiasa Mamata Banerjee akaongoza upinzani, mwaka 2008 kampuni ikahamia Sanand kule Gujarat, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu ikasema ardhi ilichukuliwa kinyume cha sheria irudishwe. Gari lenyewe liliacha kutengenezwa 2018. Miaka kumi wale wakulima hawana shamba na hawana kiwanda, na hela ya fidia wengine hawajaigusa. Huruma kwa mwenye skuta ilimpitia juu mwenye shamba, na mwenye shamba naye ana watoto wanaonyeshewa.

Na uaminifu wa siku hizi nao unapimwa. TCS katikati ya 2025 ilikuwa imeajiri zaidi ya watu 600,000, wazazi wengi wa Pune wakisema mwanangu kaingia TCS wanasema kama wanavyosema mwanangu kapata kazi ya serikali, mtu anaoa kwa kutaja hilo jina. Mwaka 2025 wakatangaza watapunguza watu kama 12,000. Makampuni mengine ya kompyuta yamepunguza zaidi ya hapo na hakuna aliyeshtuka, ila hii iliumiza kwa sababu ya jina. Mtoto wa Aai, yule wa saa ya Titan, alipiga simu nyumbani usiku ule kusema yeye yupo salama, na Aai akauliza kwanza kuhusu rafiki yake aliyekaa naye dawati moja.

Afu kuna ndege. Tarehe 15 Oktoba 1932 JRD Tata, wa ukoo huo huo, aliyekuwa Mhindi wa kwanza kupata leseni ya urubani nchini humo mwaka 1929, alirusha kindege cha barua kutoka Karachi, akatua Ahmedabad kujaza mafuta, akaendelea mpaka Bombay, ndo Mumbai ya leo. Huo ndo mwanzo wa Air India. Serikali ikaitaifisha 1953, na Januari 2022 ikarudi kwa Tata kwa thamani ya rupia bilioni 180, sehemu kubwa yake ikiwa ni madeni, watu wakafurahi kama mtoto karudi nyumbani. Tarehe 12 Juni 2025 ndege yao ya kwenda London ikaanguka muda mfupi tu baada ya kuruka, na iliruka kutoka Ahmedabad, mji ule ule aliotua JRD. Watu 241 kati ya 242 waliokuwemo wakafa, na chini wakafa wengine 19, maana iliangukia hosteli ya wanafunzi wa udaktari wakati wa chakula cha mchana. Tata wakaahidi rupia milioni 10 kwa kila familia. Siku ile nlikuwa Parel, madaktari vijana walikuwa wanaangalia simu zao kwenye korido wanalia, wale waliokufa hostelini ni wenzao. Sikuandika hilo kuilaumu kampuni, uchunguzi ni kazi ya wachunguzi. Nimeliandika kwa sababu siku ile nilielewa kwamba jina likishagusa chumvi yako, saa yako, mshahara wa mwanao na kitanda cha hospitali, basi msiba wake nao unaingia nyumbani kwako hata kama hukuwa na mtu kwenye ndege.

Nimeacha Mulshi mwisho. Mumbai ya miaka ya 1910 viwanda vyake vya nguo vilikuwa vinachoma makaa ya mawe, moshi mtupu, na Tata wakaja na wazo zuri sana la kukinga mvua za milima ya Sahyadri kwenye mabwawa na kuyashusha maji kwa mabomba upande wa bahari yazungushe mitambo. Kituo cha Khopoli kilianza 1915. Bado yanafanya kazi mpaka leo, umeme safi zaidi ya miaka mia. Lakini bwawa la Mulshi, karibu na Pune, lilikuwa linazamisha bonde la mpunga lenye vijiji kibao, na mwezi Aprili 1921 wakulima wakakaa chini kwenye eneo la ujenzi wakagoma kuondoka. Wakiongozwa na Pandurang Bapat, ambaye kuanzia hapo watu wakamwita Senapati, yaani jemadari. Walipigwa, walifungwa, wanawake nao walifungwa, na kufikia 1924 wakashindwa na maji yakapanda. Miaka mia iliyopita hiyo, kabla hatujaanza kusikia habari za watu kupinga mabwawa popote.

Watu wa Pune msimu wa mvua wanaenda Mulshi kutembea, ukungu, kijani, maporomoko, wanapiga picha wanakula mahindi ya kuchoma. Na mi nilienda na wenzangu wa darasa. Mzee aliyetuchomea mahindi alituuliza mi natoka wapi, tukaongea kupitia rafiki yangu, akasema kwao ni hapa hapa. Rafiki yangu akamuuliza kijiji gani, akanyoosha mkono kuelekea majini. Akasema shamba la babu wa baba yake liko pale, na mwezi wa tano maji yakipungua sana huwa anashuka kuangalia, baba yake alimwonesha mawe ya mpaka. Alikuwa anayasema hayo huku anakata limau, anachovya kwenye chumvi na pilipili, anapaka hindi langu taratibu pande zote, akanipa, na bei aliyonitajia ilikuwa ile ile ya wenyeji.

Nlimsimulia Aai niliporudi. Alinyamaza, afu akasema anajua, wazee walikuwa wanaimba habari za Mulshi alipokuwa mdogo. Akainuka akaenda kuzima taa ya ukumbini ambayo hakuna aliyekuwa anaitumia.

Kwa hiyo Ndugu Mhariri ombi langu ni hili. Mwakani mwandishi wenu wa biashara akiandika tena Tata imenunua nini au hisa zimepanda kiasi gani, aandike na kwamba theluthi mbili za kampuni ni wakfu, na aulize huo wakfu umewafikia vipi watu wa Mulshi, wa Kalinganagar, na wale wanaolala nje pale Parel wakisubiri mionzi. Maswali hayo yanaulizika, India ina magazeti yanayoyauliza kila mwaka. Na kama mna nafasi ya picha moja tu, wekeni ya bwawa mwezi wa tano, maji yakiwa chini.

Ni mimi msomaji wenu.